Mbio za Magari za Safari ya Afrika Mashariki

Mbio za Magari za Safari ya Afrika Mashariki, zinazojulikana duniani kwa jina la Safari Rally, ni mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 katika nchi tatu zinazogawana Ziwa Victoria: Kenya, Uganda na Tanganyika (leo sehemu ya Tanzania). Tofauti na mbio nyingine mashuhuri za wakati huo, hazikufanyika katika uwanja wala katika mitaa ya mji iliyofungwa kwa siku chache. Zilipita katika barabara za kawaida za udongo na changarawe, zikiwa wazi kwa mabasi, malori, baiskeli na mifugo kama siku nyingine zote.

Kwa miaka 19 ya mwanzo, kuanzia 1953 hadi 1971, washindi wote walikuwa madereva waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na fedha, mafundi na madereva wenye sifa kubwa, lakini zilishindwa. Sababu zake zinaeleweka kwa kutazama jinsi mbio zilivyopangwa, aina ya ardhi na mvua za eneo hili, na magari yaliyotumika.

Jina

Neno "safari" lina asili ya Kiarabu. Kwa Kiswahili linamaanisha mwendo wowote wa kutoka mahali hadi mahali, uwe wa miguu, wa chombo cha majini au wa gari. Katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya neno hilo lilichukuliwa kwa maana finyu zaidi, hasa msafara wa kuwinda au kutazama wanyama. Mbio za magari ziliporudisha neno hilo barabarani, zilikaribia zaidi maana yake ya Kiswahili: kutoka, kwenda mbali, na kurudi.

Mwaka 1953 mbio ziliitwa East African Coronation Safari, yaani Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1960 kutawazwa kuliondolewa katika jina, na kuanzia 1974 zikaitwa Safari Rally tu.

Mbio za mzunguko na mbio za barabara

Katikati ya karne ya 20 mbio za magari zilikuwa za namna mbili kuu.

Namna ya kwanza ni mbio za mzunguko. Magari huzunguka njia ileile mara nyingi, na anayemaliza idadi ya mizunguko kwanza ndiye mshindi. Mizunguko mingine ilijengwa kwa kazi hiyo. Mingine ilikuwa mitaa ya mji, ambayo ilifungwa kwa siku chache, ikawekewa vizuizi pembeni, kisha ikarudishwa kwa watumiaji wake. Mfano unaojulikana zaidi ni Monaco, ambako mbio za mitaani zilianza mwaka 1929. Kusini mwa Tanganyika, mji wa Lourenço Marques (leo Maputo, mji mkuu wa Msumbiji) nao ulikuwa na mbio za mzunguko kando ya bahari katika miaka ya 1950.

Namna ya pili ni mbio za masafa, ambapo magari hutoka mji mmoja kwenda mwingine kwa barabara za kawaida. Mille Miglia ya Italia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, ilifanyika kwa namna hiyo kati ya 1927 na 1957, ikakomeshwa baada ya ajali iliyoua watazamaji. Hata mizunguko haikuwa salama: tarehe 11 Juni 1955 huko Le Mans, Ufaransa, gari moja liliingia katika umati na kuua watu zaidi ya 80. Baada ya matukio hayo nchi nyingi za Ulaya ziliziondoa mbio katika barabara zenye watu. Afrika Mashariki ilikuwa imeanza mbio zake za barabarani miaka michache tu kabla.

Kuanzishwa

Nchini Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na wapenzi wa mbio za mzunguko waliokutana Langa Langa katika eneo la Nakuru. Mmoja wa waandaaji alikuwa Eric Cecil. Inasimuliwa kwamba alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane huko, naye akakataa kwa sababu aliona kuzunguka njia ileile kunachosha. Alisema angekuwa tayari kushiriki endapo watu wangeingia katika magari yao, wakaenda mbali barani Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika akawa mshindi.

Nafasi ilipatikana baada ya Elizabeth II kurithi ufalme wa Uingereza mwezi Februari 1952. Sherehe ya kutawazwa kwake ilipangwa kufanyika tarehe 2 Juni 1953, na serikali za kikoloni zilitayarisha shamrashamra. Mbio za kwanza zilifanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953. Zilipita Kenya iliyokuwa koloni, Uganda iliyokuwa nchi lindwa, na Tanganyika iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Hali hizo tatu zilitofautiana kisheria, lakini zote zilitawaliwa na Uingereza, hivyo magari yaliweza kuvuka mipaka bila taabu kubwa.

Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau. Waafrika wengi walizuiwa kusafiri bila kibali katika maeneo yaleyale ambamo magari ya mashindano yalipita. Madereva wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu na Waasia. Waafrika walikuwepo katika kila sehemu nyingine ya kazi: ndio waliozichonga na kuzitengeneza barabara, waliofanya kazi katika karakana na vituo vya mafuta, na waliosukuma magari yaliyokwama vijijini.

Utaratibu wa mashindano

Katika mbio za mzunguko mtazamaji huona nani yuko mbele. Katika Safari haikuwa hivyo. Magari yaliondoka moja moja, kila moja baada ya dakika chache, na yalipimwa kwa muda.

Njia iligawanywa katika vipande. Mwisho wa kila kipande palikuwa na kituo cha ukaguzi, na kila gari lilipewa muda maalumu wa kufika. Aliyechelewa alipewa pointi za adhabu kulingana na dakika alizochelewa. Mwishoni pointi zilijumlishwa, na mwenye pointi chache zaidi alishinda. Kwa hiyo mshindi wa Safari hakuwa lazima mwenye mwendo mkali kuliko wote. Alikuwa yule aliyepoteza muda kidogo zaidi kwa kukwama, kupotea njia au kuharibikiwa.

Mfano wa mwaka 1973 unaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyoweza kuwa nyembamba. Shekhar Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa. Ushindi alipewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda umbali mrefu zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu yoyote.

Kila gari lilikuwa na dereva na msaidizi. Kazi ya msaidizi ilikuwa kusoma ramani, kuhesabu muda, kutangaza hatari zilizo mbele, na kushika usukani mwenzake anapochoka. Katika miaka ya 1960 njia ilifikia takriban kilomita 5,000 zilizopaswa kumalizika kwa siku chache, usiku na mchana, kwa hiyo kulala kulikuwa kwa nadra.

Mbio zilihamishiwa katika kipindi cha Pasaka. Kwa watu wa kanda hii maana yake ilikuwa wazi: Pasaka huangukia Machi au Aprili, na huo ni wakati wa masika.

Magari

Katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa kwa madaraja kufuata bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Yalitakiwa kuwa magari ya kawaida ambayo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuyanunua, na mabadiliko yaliyoruhusiwa yalikuwa machache. Hivyo mbio zilijibu swali lililomhusu mnunuzi wa kawaida: gari gani linastahimili barabara za huku?

Jibu la kwanza liliwashangaza wengi. Mwaka 1953 washindi walihesabiwa kwa madaraja, na orodha za leo humweka mbele Alan Dix pamoja na msaidizi wake Johnny Larsen, waliotumia Volkswagen ndogo yenye umbo la mgongo wa kobe. Volkswagen ilishinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Siri yake ilikuwa katika muundo. Injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na uzito huo uliyawezesha magurudumu kushika ardhi penye utelezi. Tena injini ilipozwa kwa hewa, si kwa maji, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe. Sehemu ya chini ya gari ilikuwa bapa, nayo iliteleza juu ya tope badala ya kunasa.

Baadaye Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari hilo lilipendwa kwa springi laini na uimara wake katika mashimo. Si ajabu kwamba nchini Kenya magari ya Peugeot yalitumika kwa miaka mingi kama teksi za masafa marefu kati ya miji. Sifa iliyopatikana katika mbio ilisaidia mauzo, na ndiyo sababu viwanda vya Ulaya na Japani vilitumia gharama kubwa kuja kushindana.

Madereva walibuni vifaa vyao. Magari yaliwekewa ngao ya vyuma mbele kwa ajili ya wanyama wanaokatiza barabara usiku, na bamba la chuma chini ya injini kuizuia isipasuliwe na mawe. Nyuma palifungwa vishikio na vikanyagio, ili gari likianza kuzama msaidizi asimame hapo na kulirukisharukisha, uzito wake uyasaidie magurudumu kushika.

Ardhi na mvua: mfano wa ukanda wa Ziwa Victoria

Ili kuelewa kwa nini mgeni mwenye gari kali alishindwa na mwenyeji mwenye gari dogo, ni lazima kuiangalia ardhi yenyewe. Mfano mzuri ni nchi inayozunguka Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria.

Mwanza hujulikana kwa vilima vya mawe makubwa ya granaiti yaliyobebana. Mawe hayo yanapovunjikavunjika kwa karne nyingi huacha mchanga kwenye miteremko. Wasukuma huuita udongo huo wa kichanga "luseni". Chini kidogo hupatikana ardhi ngumu isiyopitisha maji kwa urahisi, iitwayo "ibambasi". Bondeni kabisa kuna mfinyanzi mweusi wa mbuga. Mpangilio huu hurudiwa kilima baada ya kilima. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza kisayansi jinsi udongo unavyobadilika kwa utaratibu kutoka kileleni hadi bondeni, na wazo lake linafundishwa hadi leo katika elimu ya udongo duniani kote.

Kwa dereva, mpangilio huo una maana kubwa. Barabara inayovuka vilima na mabonde humpitisha katika udongo wa aina tatu au nne ndani ya kilomita chache. Kwenye mchanga hushika vizuri baada ya mvua, lakini wakati wa kiangazi magurudumu huzama. Kwenye ardhi ngumu maji hutuama juu na kuficha mashimo. Kwenye mfinyanzi mweusi hali hubadilika kabisa kufuata majira. Udongo huo ukikauka hupasuka nyufa pana na kuwa mgumu kama tofali. Ukilowa huvimba, hunata, na hujaza matairi hadi yakawa laini kama sabuni. Mvua ya nusu saa inatosha kuifanya barabara iliyopitika asubuhi isipitike jioni. Wakulima wa pamba na mpunga wa Usukuma wanaifahamu tabia hiyo, maana ndiyo inayoamua kama lori la mazao litafika mjini. Udongo mweusi wa namna hii uko pia katika sehemu nyingi za Kenya, na ndio uliokwamisha magari mengi ya Safari.

Ziwa lenyewe huchangia mvua. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na usiku huwa kinyume chake. Tofauti hiyo huzalisha pepo zinazobadili mwelekeo, na mawingu ya radi hujengeka juu ya ziwa nyakati za usiku. Pande mbili za ziwa hazipati mvua sawa: Bukoba, upande wa magharibi, hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Mwanza hupata karibu nusu ya kiasi hicho. Mtu anayesafiri kwa gari kando ya ziwa anaweza kutoka penye vumbi na kuingia penye tope siku hiyohiyo.

Mito na ghuba nazo zilikuwa kikwazo. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na meli ziliunganisha bandari za ziwa kama Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu. Kwa sababu hiyo mizigo mingi ilitumia reli na maji, na barabara zilibaki nyuma. Kwenda magharibi kutoka Mwanza kulitegemea kivuko cha kuvuka ghuba, na aliyefika akikuta kivuko kiko ng'ambo alisubiri. Hali hiyo ya ghuba ilidumu hadi tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la Rais John Magufuli na urefu wa takriban kilomita 3.

Katika mazingira ya namna hii ujuzi hauwezi kununuliwa kwa siku chache. Mwenyeji alisoma rangi ya udongo kwa mbali, alijua mto upi hujaa haraka na hushuka haraka, na alijua lini ni busara kusubiri saa moja kuliko kujitosa na kupoteza sita. Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva hodari wa Ulaya, alikwama topeni na gari lake la Saab katika Safari ya mwaka 1964. Yeye na msaidizi wake Gunnar Palm waliligeuzageuza gari juu chini hadi likatoka mahali palipokuwa pagumu, kisha wakaendelea. Walimaliza wa pili, nyuma ya Peter Hughes wa Kenya.

Miaka ya magari saba

Mara mbili masika yalikuwa makali kiasi cha kuwaacha washiriki wachache sana. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968, baada ya mvua nyingine kubwa, yalimaliza tena 7 tu. Mshindi wa mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Ushindi huo wa pili ulidhihirisha kwamba ule wa kwanza haukuwa wa bahati.

Madereva wenyeji

Eric Cecil, mmoja wa waanzilishi, alishinda mwenyewe mwaka 1956 akiwa na Tony Vickers. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda 1954 na 1955.

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Bert Shankland, mzaliwa wa Uskoti aliyeishi Dar es Salaam, aliipatia Tanzania heshima aliposhinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Mwaka uliofuata Mehta alishinda Safari kwa mara ya kwanza. Aliendelea kushinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na ushindi wake wa mara 5 haujafikiwa na mtu mwingine.

Waafrika weusi walichelewa kupata nafasi katika usukani, kwa kuwa mchezo huu unahitaji gari, vipuri na wadhamini. Patrick Njiru wa Kenya alimaliza Safari katika nafasi ya 4 mwaka 1994. Mwaka 1999 Charles Muhangi wa Uganda alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari.

Orodha ya washindi hadi 1973

1953: Alan Dix na Johnny Larsen, Volkswagen (washindi walihesabiwa kwa madaraja)
1954: Vic Preston na D. P. Marwaha, Volkswagen
1955: Vic Preston na D. P. Marwaha, Ford Zephyr
1956: Eric Cecil na Tony Vickers, DKW
1957: Gus Hofmann na Arthur Burton, Volkswagen
1958: hakukuwa na mshindi wa jumla
1959 na 1960: Bill Fritschy na Jack Ellis, Mercedes-Benz 219
1961: John Manussis, Bill Coleridge na David Beckett, Mercedes-Benz 220SE
1962: Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, Volkswagen
1963: Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404
1964: Peter Hughes na Billy Young, Ford Cortina
1965: Joginder Singh na Jaswant Singh, Volvo PV544
1966 na 1967: Bert Shankland na Chris Rothwell, Peugeot 404
1968: Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404
1969: Robin Hillyar na Jock Aird, Ford Taunus
1970: Edgar Herrmann na Hans Schüller, Datsun 1600
1971: Edgar Herrmann na Hans Schüller, Datsun 240Z
1972: Hannu Mikkola na Gunnar Palm, Ford Escort
1973: Shekhar Mehta na Lofty Drews, Datsun 240Z

Mwisho wa safari ya nchi tatu

Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam. Hannu Mikkola wa Finland akawa mshindi wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Msaidizi wake alikuwa Gunnar Palm, yuleyule aliyekwama na Carlsson miaka minane kabla. Wageni walikuwa wamejifunza: walianza kuja mapema, kuipitia njia na kuandika maelezo ya kila kona na kila daraja kabla ya mashindano.

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari. Lakini wakati sifa yake ikikua duniani, eneo lake lilipungua. Baada ya uhuru, nchi tatu ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba wa mwaka 1967 uliotiwa sahihi Kampala. Mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliharibu uhusiano wa Uganda na Tanzania, na tofauti za siasa na uchumi kati ya Kenya na Tanzania ziliongezeka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zilikuwa ndani ya Kenya pekee. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Jina "Afrika Mashariki" lilikuwa limekwisha kuondolewa katika mashindano tangu 1974.

Safari ya leo

Kwa miaka mingi iliyofuata Safari iliendelea kupita katika barabara zilizo wazi. Magari yalikuwa na kasi kubwa kuliko zamani, na helikopta ziliruka juu kumwonya dereva kuhusu lori au ng'ombe mbele yake. Hatari kwa wasafiri wengine na kwa wanavijiji ilizidi kuwa vigumu kuikubali. Baada ya mwaka 2002, ambapo alishinda Colin McRae wa Uskoti, Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia.

Ilirudishwa mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, na mshindi alikuwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Sasa magari hushindana katika vipande vya barabara vilivyofungwa kwa muda, ambavyo jumla yake haifiki kilomita 400, na mtembea kwa miguu hakutani tena na gari la mashindano likiwa mbioni.

Safari imekuwa salama zaidi, na kwa kufunga barabara imekaribia mbio za mzunguko ambazo Neil Vincent alizikataa. Kilichopungua ni ule mtihani wa zamani, ambapo gari la kawaida lilipimwa katika barabara ya kawaida pamoja na watu wake. Barabara zenyewe zimebadilika pia. Sehemu kubwa ya njia kuu za Kenya, Uganda na Tanzania zina lami, na basi la abiria humaliza kwa saa chache umbali ambao madereva wa 1963 waliupigania usiku kucha. Hata hivyo, katika barabara za vijijini zinazopita kwenye mfinyanzi mweusi, dereva wa lori la pamba au la samaki bado husimama masika yanapoanza, akaitazama rangi ya udongo, na kuamua kama atapita au atasubiri.